Jike Ndani ya Mti

Kwa siku ya pili mfululizo dume hakuja.

Darubini alikuwa amekaa juu ya mzizi tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, umande umemlowesha mpaka magotini, shingo imekakamaa kwa kutazama juu. Katika shina la mti mbele yake, mita kama saba kutoka chini, kulikuwa na ufa mwembamba, upana wa vidole viwili. Kuzunguka ufa huo shimo lilikuwa limezibwa kwa udongo uliokauka ukawa mgumu kama sakafu. Nyuma ya udongo huo, gizani, jike la hondohondo lilikuwa na wiki ya nane sasa.

Alijifungia mwenyewe. Ndivyo walivyo ndege hawa. Jike anaingia shimoni, dume anamletea udongo, anajiziba humo na kubakiza nafasi ya kupitisha mdomo tu. Kisha anapukutisha manyoya ya mbawa na kutaga. Hata ungembomolea ukuta siku hiyo, asingeweza kuruka. Kula yake na ya kinda lake imo kooni mwa dume, anayekuja mara ishirini kwa siku na kuwatemea makuyu, moja moja, kupitia ule ufa.

Ncha ya mdomo ikachungulia. Ikafunguka, ikangoja, ikafumba. Ikarudi ndani.

"Najua," Darubini alisema. "Hata mimi namngoja."

Kambini walimpa jina hilo kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kuwatafutia wageni ndege hakuwahi kupewa darubini. Wageni wanazo. Waongozaji wanazo. Meneja anayo, imening'inia ofisini kama koti la sikukuu, haijawahi kuona hata njiwa. Yeye alipewa panga na buti, macho akaambiwa atumie ya kwake.

Akainuka kwenda kutafuta, ingawa moyoni alikuwa ameshajua pa kuangalia.

Kulikuwa na tawi. Dume hakuwa anakwenda mlangoni moja kwa moja. Kwanza alitua kwenye tawi moja nene lenye majani mengi, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akahakikisha hakuna tai, ndipo akaruka hadi kwenye ufa. Darubini aliliita tawi hilo sebule. Wiki mbili nyuma meneja alipanda jukwaa la wageni na simu yake, akajaribu kupiga picha, akasema lile tawi linaziba. Darubini akamweleza kazi ya tawi. Akaeleza kwa adabu, akaeleza mara ya pili. Meneja akasema ndege ni ndege, atatua kwingine. Aliyepanda ngazi na kulikata alikuwa Darubini, kwa panga lake, kwa sababu mameneja hawapandi ngazi. Wananyoosha kidole.

Na kweli ndege alitua kwingine. Alihamia kwenye mti mkavu, hatua thelathini hivi, mti usio na hata jani la kumfunika.

Chini ya mti huo ndipo Darubini alipoyakuta manyoya, meusi na meupe, yametapakaa kama mto uliochanika. Mdomo ulikuwepo, mzima, na pembe yake juu. Pembeni kulikuwa na makuyu manne ambayo hayakuwa yametafunwa, yamegandiwa na ute wa koo. Alikuwa njiani kuyapeleka.

Darubini akayaokota yote manne. Akaokota na mdomo.

Ofisini meneja alikuwa akisoma orodha ya wageni. Darubini akasimama mlangoni, maana buti zilikuwa na tope, akasema dume ameliwa na tai na jike litakufa na kinda lake wasipolishwa. Akaomba ngazi.

"Umemwona tai akimla?"

"Nimeona mdomo wake, bosi."

"Basi hukumwona."

Meneja hakuwa mtu wa makelele. Alieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba wageni sita wanaingia saa tatu na wamevuka bahari kwa ajili ya huyo huyo hondohondo. Mtu akipanda ngazi mbele yao ataharibu kila kitu. Halafu kuna kanuni: mfanyakazi hagusi ndege.

"Na kukata tawi, bosi, si kugusa?"

Meneja akatazama simu yake kwa muda, ingawa haikuwa imelia.

"Wakiondoka wageni," alisema, "chukua ngazi ufanye unavyotaka."

Darubini aliyajua maneno hayo. Aliambiwa hayo hayo, mlangoni hapo hapo, miezi mitano iliyopita, alipokuja kuomba gari. Mke wake alikuwa amekaa kitandani ameegemea ukuta kwa sababu akilala pumzi ilikuwa inakatika. Hospitali ni mwendo wa saa mbili, na gari la kambi ni moja. Meneja alimwambia gari limewapeleka wageni ng'ambo ya bonde kumtafuta bundi, na wakishamwona tu litarudi limchukue mgonjwa. Nenda ukawasaidie, Mzee, alimwambia. Wewe ukimtafuta hachelewi kuonekana.

Alikwenda mbio. Alipofika hakutumia hata robo saa kumpata. Alimwonyesha bundi kwa kidole, ametua chini chini, na mwanawe pembeni, mahali ambapo hata kipofu angepiga picha. Hapo ndipo alipokosea. Bundi wa mbali, wa kuonekana mgongo tu, wageni wangemtazama dakika tano wakaomba kurudi. Huyu walikaa naye saa moja na nusu. Darubini alisimama nyuma yao, lugha yao haijui, akamnong'oneza mwongozaji awaambie. Mwongozaji akajibu ofisi hairuhusu kuwasumbua wageni kwa mambo ya wafanyakazi. Mama mmoja wa wageni alilia kwa furaha, akamshika Darubini mikono yote miwili. Gari liliporudi kambini, shemeji yake alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yao, na marehemu ameshafunikwa uso.

Kwa hiyo safari hii hakubishana na meneja. Alikwenda jikoni.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu na mpishi wa kambi, alikuwa akimenya viazi kwenye beseni.

"Umekula, shemeji?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Umande."

Hakucheka. Alimtazama mifukoni, akauona ule mdomo umechomoza, akamsikiliza mpaka alipoeleza yote. Kisha akasema ngazi iko ndani ya stoo, na kufuli la stoo halijawahi kufungwa tangu ulipopotea ufunguo. Wanaoliogopa ni Darubini na meneja tu.

"Dada yako angesema nimekuwa chizi."

"Alisema hivyo miaka yote na hukuacha. Nenda kabla hawajaja."

Juu ya ngazi, Darubini alisogeza kuyu kwenye ufa kwa vidole. Ndani kulikuwa kimya. Akabisha kwa kucha. Kimya. Akawaza anavyofanya dume: kwanza hugonga shina kwa mdomo, mara tatu, kavu, kama mtu anayejua kwamba nyumba ni yake. Akatoa ule mdomo mfukoni. Akagonga.

Kitu kikajikokota ndani.

Akalibana kuyu kati ya taya mbili za yule dume marehemu, akalifikisha kwenye ufa. Mdomo wa jike ukatoka, ukagusa mdomo wa mumewe, ukatulia hapo. Darubini akageuza uso pembeni, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila hodi. Aliposikia kuyu limetoka, akaweka la pili. La tatu. La nne.

Meneja alimkuta hapo hapo, na wageni nyuma yake wakielekeza lenzi. Hakumgombeza mbele ya watu. Alicheka kwa ajili ya wageni, akawaambia kitu katika lugha yao, nao wakacheka. Jioni ngazi ilifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya ofisi, na Darubini akapangiwa kundi jingine, ng'ambo ya bonde, siku nne za kulala huko huko. Wanataka bundi, meneja alisema. Na wewe ndiye bingwa wa bundi.

Usiku ule shemeji alijaribu kumlisha jike kwa ufito mrefu, kuyu limechomekwa kwenye ncha. Ufito ulipinda. Mlinzi akamrudisha.

Ng'ambo, siku ya kwanza, Darubini alimwona bundi saa mbili kasorobo. Alikuwa kwenye mti ule ule, na macho yao yakakutana. Wageni walikuwa nyuma, wamebana pumzi. Darubini akatikisa kichwa, akapita chini ya ule mti, akawaongoza mbele. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumficha mgeni ndege. Akaona ni rahisi sana, akashangaa kwamba alihitaji kufiwa ndipo ajue.

Aliwazungusha siku mbili. Aliwaonyesha ndege wadogo wa kawaida, akapiga miayo makusudi, akakanyaga vijiti vikavu. Asubuhi ya tatu wageni walikuwa wamechoka na miba, wakaomba wenyewe kurudishwa, siku moja kabla. Dereva akamtazama kwenye kioo njia nzima.

"Mzee, leo macho yameingia nini?"

"Yamezeeka," akajibu. "Ongeza mwendo."

Chini ya mti wa hondohondo hakukuwa na sauti. Jukwaani walikaa wageni wapya, meneja kati yao na chai. Darubini akasubiri kidogo, akitazama ufa. Shemeji alikuwa amemwona akishuka garini. Akamfuata, mikono bado ina unga, akamwambia kwamba tangu jana mchana mdomo haujatoka. Siku ya kwanza ulitoka mara nyingi, ukafunguka na kufumba, na wageni walifurahi sana. Walidhani anawasalimia.

Darubini akatoka mbio mpaka ofisini, akaupiga mnyororo kwa jiwe mpaka ukakatika. Shemeji akashika ngazi upande wa pili. Wakaibeba hivyo, yeye mbele na mpishi nyuma na aproni yake, wakapita katikati ya njia ya wageni bila kuomba samahani.

Meneja alishuka jukwaani haraka, akasimama mbele ya ngazi, akasema kwa sauti ya chini ambayo wageni wasingeisikia:

"Ukipanda, usishuke ukidhani una kazi. Wewe na huyu."

"Shemeji?" Darubini aliuliza bila kugeuka.

"Viazi vyenyewe vimenichosha," mpishi alisema. "Panda."

Akapanda. Juu akagonga mara tatu kwa ule mdomo. Akangoja. Akagonga tena. Akaufikisha mdomo kwenye ufa, mtupu, maana hakuwa amepata nafasi ya kuchuma kuyu, akausikiliza ukuta kwa sikio kama mtu anayesikiliza kifua. Kisha akatoa kisu na kuanza kuubomoa.

Udongo ulikuwa mgumu. Ulitoka vipande vidogo vidogo, vikimwangukia shemeji kichwani, naye hakuachia ngazi. Chini kamera zililia, halafu zikaacha. Tundu lilipotosha mkono, Darubini akauingiza mpaka begani, shavu limebanwa kwenye gome.

Akamgusa mgongo. Hakushtuka. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, na baridi, na mbawa ambazo hazikuwa na manyoya ya kurukia zilikuwa zimekunjuliwa, zimetandikwa pande zote mbili kama mtu anayezuia upepo. Darubini akakaa hivyo, macho yamefumba. Meneja alikuwa akisema kitu. Mgeni mmoja alikuwa akiuliza kitu.

Akapenyeza vidole chini ya mbawa, taratibu, bila kumsogeza. Huko kulikuwa na joto.

Kitu laini kikamshika ncha ya kidole. Kikavuta, kikaachia. Kikavuta tena kwa nguvu zaidi, kikijaribu kukimeza, na Darubini, juu ya ngazi, hakuutoa mkono.