Ukuta Uliotobolewa ili Besi Ipumue

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, mitambo ya kufuma iling'olewa ikauzwa, na ukumbi ukabaki mtupu, mrefu kama uwanja wa mpira. Kaka yangu na wenzake waliingia humo miaka tisa iliyopita wakiwa na spika mbili, jenereta moja na kelele nyingi. Kaka huitwa Fyuzi. Aliyempa jina hilo alisema ni mwepesi wa kuungua. Mimi niliyelelewa naye baada ya baba kuondoka, naongeza kwamba akishaungua, nyumba nzima hukaa gizani.

Walichokikuta humo ni mwangwi. Ukipiga kofi mlangoni, kofi linakurudia kutoka ukuta wa mwisho kabla hujashusha mikono. Mwanzoni mwangwi huo uliwavurugia nyimbo zote. Kisha wakaacha kugombana nao, wakaanza kutunga kwa kuufuata. Walipunguza mwendo wa ngoma, wakaacha nafasi katikati ya pigo na pigo, ili ukuta nao ujibu. Nyimbo hizo ukizisikiliza kwenye simu zinapwaya kama shati la kuazima. Ndani ya ukumbi zinakukaa mwilini.

Mtaa nao ukajipanga. Mafundi waliokuwa wakisuka koili za waya za mota za kiwanda wakahamia kusuka koili za spika. Mshona mapazia akaanza kushona vitambaa vya kufunika maboksi. Kinyozi wa jirani alihamisha kioo chake kutoka ukuta wa kushoto kwenda wa kulia, maana kila Jumapili alasiri wateja walijiona wakitetemeka, na mmoja alikwenda hospitali kupimwa presha. Nilipokuwa chuoni nikisoma usanifu majengo, nilipenda kuwaambia wenzangu kwamba mtaa wetu haukuchorwa na mtu yeyote, ulichorwa na besi. Walicheka. Mimi sikuwa natania.

Ukumbi ulikuwa na ukuta wa katikati, wa matofali, ulioutenga na ghala. Besi ilifika pale ikajikusanya na kuvuma kama nyuki. Siku moja Seremala, mzee anayewatengenezea maboksi ya spika, alitembea kando ya ukuta huo wimbo ukiendelea, kiganja chake kikiwa juu ya tofali. Kila palipotetemeka sana aliweka alama ya chaki. Wiki iliyofuata walitoboa hapo penye alama, mlango wa upana wa mita tatu, ili besi ipumue. Na kweli ilipumua. Watu walisema siku ile ukumbi ulizaliwa upya. Hakuna aliyeuliza ukuta ule ulikuwa umebeba nini.

Miezi mitatu iliyopita kaka alipata mashine mpya, kompyuta na ampu zake za kukuza sauti, inayotoa sauti ya chini kiasi kwamba sikio haliisikii. Magoti ndiyo yanayoisikia. Wakati huohuo manispaa iliitaka ofisi yetu ipime ukumbi: ubomolewe au uhifadhiwe na kuruhusiwa kisheria kuwa ukumbi wa muziki? Ofisi yetu ni meza tatu na mkuu mmoja, mhandisi wa majengo, mama mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Nilimwomba kazi hiyo karibu kwa machozi.

"Una ndugu humo ndani," aliniambia.

"Ndiyo maana nitapima kwa uangalifu zaidi."

Alinitazama kama mtu anayetazama kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza. Kisha akafungua droo, akanipa boksi la vioo vyembamba, vile vinavyotumika maabara kwenye hadubini. "Bandika hivi juu ya nyufa kwa plasta. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kitapasuka. Wewe una kaka. Kioo hakina kaka."

Nilibandika vioo kumi na viwili kuuzunguka mlango ule, kila kimoja na namba na tarehe kwa mkono wangu. Wiki nane mfululizo, kila Jumatatu, nilipanda ngazi nikavikagua kimoja kimoja. Vyote vizima. Wiki ya nane niliandika ripoti nikiwa na furaha ambayo hata sasa naona aibu kuielezea. Niliandika kwamba nyufa ni za zamani na ukuta umetulia. Nikaongeza ukurasa mzima ambao hakuna aliyeniomba, kuhusu vijana wanaoweza kusanifu jengo kwa masikio. Kamati ya manispaa iliisoma Jumanne. Ijumaa kibali kilitoka. Jumapili, saa nane mchana, ukumbi ungefunguliwa rasmi, mara ya kwanza kwa ruhusa, na mashine mpya ikicheza kwa nguvu zake zote.

Jumapili hiyo nilifika saa nne asubuhi na kamera. Nilitaka picha za ukumbi kabla haujajaa. Kaka na Seremala walikuwa wakipanga maboksi.

"Injinia huyo!" Seremala aliita. "Umekuja kutuhesabia misumari?"

"Mimi si injinia, mzee. Ni msanifu."

"Haya, msanifu. Tusanifie viti basi, wageni wametuzidi."

Kaka alinikumbatia akaninyanyua juu kama zamani. "Mdogo wangu, leo ni siku yako," alisema. "Nitakutaja kwenye maiki."

"Ukinitaja naondoka."

"Nitakutaja mara mbili."

Nilipanda ngazi kupiga picha ya vioo. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia kwa ubavu kupitia madirisha ya paani, na Jumatatu zote nilizokagua nilikuja jioni baada ya kazi, kwa tochi. Sasa niliona ukingo wa kioo namba tisa. Ulikuwa wa kijani.

Vioo vya maabara ni vyeupe hadi ukingoni. Ukijani ni wa kioo cha dirisha.

Nilikigusa. Kilikuwa kinene mara mbili ya changu. Namba ilikuwa yangu, tarehe ilikuwa yangu, mwandiko ulikuwa umeigwa vizuri hadi nikajitilia shaka. Lakini pembeni, badala ya plasta, kulikuwa na kitu cha manjano. Nilikibonyeza kwa ukucha, kikabonyea, kikarudi. Gundi ya kubandikia koni za spika, zile karatasi zinazotetemeka. Gundi hiyo imetengenezwa ili inyumbuke. Ukuta ungeweza kusogea upana wa kidole na kioo kile kisingejua.

Nilikagua vyote. Vitano havikuwa vyangu, na vyote vitano vilikuwa juu ya mlango. Chini ya kioo namba kumi nilichungulia ufa wenyewe. Nilipoupima mara ya kwanza ulikuwa kama unywele. Sasa ungeingiza shilingi kwa ubavu.

Nilishuka taratibu.

"Nani alibadilisha vioo?"

Seremala aliinamia boksi, akaanza kukaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

"Kaka. Nani?"

"Kimoja kilivunjika kwa bahati mbaya," Fyuzi alisema. "Mzee alikigonga na ngazi. Tukaogopa utadhani ni ukuta. Tukakuwekea kingine, basi."

"Nimehesabu vitano."

Seremala ndiye aliyesema, bado akiangalia skrubu yake, "Cha pili sikukigonga mimi, mwanangu. Tulikuta kimepasuka baada ya kujaribu mashine."

"Na cha tatu?"

"Vivyo hivyo. Tulishaanza, tukashindwa pa kuishia. Kila Jumapili baada ya mchezo tulikagua. Kikipasuka tunabadilisha."

Hebu fikiria. Kila Jumapili walipanda ngazi ileile, wakakagua vioo vilevile kwa makini kuliko mimi, wakaandika namba zangu kwa mwandiko wangu. Walikuwa wakifanya kazi yangu. Waliifanya vizuri, halafu wakakifuta walichokiona.

Nilimpigia mkuu wangu simu. Nilimwambia vioo vitano si vyangu. Nikasikia redio nyumbani kwake ikizimwa.

"Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Hawakusema tuubandikie kioo cha dirisha. Ripoti ina sahihi mbili. Yangu nimeifuta sasa hivi. Yako siwezi kukufutia. Niko mbali, nitafika saa tisa. Nikute mlango umefungwa."

"Watu wanaanza kuingia saa nane."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

Kaka alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umekaza. "Ukifunga leo, hawatafungua tena. Unajua hilo? Ripoti ya kwanza ikifutwa, ya pili nani ataisoma? Wataleta tingatinga kabla ya mwezi kuisha."

"Najua."

"Miaka tisa! Hapa ndipo mimi nimekuwa mtu. Wewe ada yako ya kidato ilitoka hapa, usisahau. Ukuta huo umesimama tangu babu hajaoa, leo uanguke kwa sababu ya kioo?"

"Kaka, hauanguki kwa sababu ya kioo. Kioo kinasema tu."

"Basi kimekosea! Vitu vinakosea! Jana tumejaribu mashine saa nzima, umeona tofali lolote chini?"

Nilitamani sana kuwa upande wake. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta njia: tupunguze sauti, tupunguze watu, tufunge kamba tu hapo mlangoni. Kila njia niliyoipata ilikuwa na gundi ya manjano pembeni.

Kwa hiyo nilitembea hadi kwenye mlango ule wa mita tatu, nikasimama katikati yake, chini kabisa ya matofali ya juu. Nikaweka kamera sakafuni.

"Cheza," nikasema.

"Unafanya nini?"

"Unasema ukuta ni mzima. Mimi naamini ufa, wewe unaamini ukuta. Weka mashine mpya, sauti yote, kama utakavyoweka saa nane. Mimi nitakaa hapa. Wimbo mmoja tu ukiisha na mimi nipo, nitampigia mkuu nimwambie nilikosea."

"Toka hapo."

"Watu mia sita watasimama hapa, kaka. Mimi ni mmoja."

"Nimesema toka hapo, usinichezee!"

"Sichezi. Cheza wewe."

Seremala alisema, "Mwanangu, jamani."

Kaka alikwenda kwenye mashine. Aliwasha ampu moja baada ya nyingine, na taa ndogo za kijani zikajipanga. Alisogeza kitasa cha sauti hadi mwisho. Mkono wake ulifika juu ya kitufe. Nilifumba macho. Nilisikia mvumo wa umeme ndani ya spika, ule wa kabla ya wimbo, na mbali kidogo vijana wa kwanza wakicheka nje kwenye foleni. Nilijiambia kwamba akibonyeza sitakimbia. Sijui kama ni kweli. Ningependa iwe kweli.

Hakubonyeza. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama vilevile, kidole angani, mabega yakipanda na kushuka. Alinitazama, kisha akatazama matofali yaliyokuwa juu ya kichwa changu, moja moja, kama mtu anayesoma. Akazima ampu. Taa zikafa kwa mpangilio uleule zilivyowaka.

"Tangu kioo cha pili nilijua," alisema. "Nilikuwa najiambia sijui."

Niliondoka chini ya mlango. Nilikaa juu ya boksi la spika, na Seremala akaniletea maji.

Saa sita tulitoka nje. Foleni ilikuwa imefika kwa kinyozi. Nilitaka kuzungumza mimi, kwa kuwa ripoti ilikuwa yangu, lakini kaka alinishika bega, akapanda juu ya ngazi ya mlango. Aliwaambia ukumbi si salama, kwamba yeye na wenzake ndio waliotoboa ukuta, kwamba alikuwa amelificha jambo hilo. Hakunitaja hata mara moja. Watu walizomea. Mmoja alipiga kelele, "Sema umehongwa, Fyuzi!" Mwingine alinyoosha kidole: "Si dada yake yule wa manispaa? Ndugu wamekula njama!" Msichana mmoja aliyevaa viatu vipya alikuwa akilia tu, bila kumtukana mtu. Huyo ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Polepole foleni ilivunjika. Tulileta mbao za Seremala, zile za maboksi, na kaka akaanza kupigilia mlango mkubwa wa kuingilia. Mimi nilishika mbao. Tulifika ubao wa nne.

"Ule mlango wa ndani," aliuliza bila kunitazama, "ukiwekewa nguzo mbili na boriti ya chuma, utabeba?"

"Sijui bado. Huenda. Inabidi nipime upya, na nikubali jibu lolote litakalotoka. Na hata likiwa zuri, huenda kamati isilisome."

"Utaandika lakini."

"Nitaandika."

Alipigilia misumari mitatu, wa nne ukapinda, akautoa akaweka mwingine. Mwisho alifunga kufuli la mlango mdogo wa pembeni, akabaki na ufunguo mkononi. Aliugeuza huku na huku. Kisha akauweka kwenye kiganja changu, akakifunga kiganja kwa vidole vyake.

"Ukae nao wewe," alisema. "Nikikuomba, usinipe."