Joto la Mpangaji

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, kwa walio macho na kwa wanaosinzia darasani, kwamba asubuhi ile Mheshimiwa alikabidhiwa rasmi Wizara ya Joto na Baridi. Wizara yenyewe ilikuwa sanduku la kioo juu ya kabati la viatu, sebuleni kwa dada yake. Raia wake alikuwa mmoja tu: chatu mdogo, mnene kama mkono wa mpishi wa bweni, aliyeitwa Mpangaji kwa sababu alikula, akalala, na hakuwahi kumwambia mtu ahsante.

"Nisikilize vizuri," Dada alisema huku akivaa viatu vya kazini. "Mchana, upande huu wenye taa uwe nyuzi thelathini na mbili. Jua likizama, mashine yenyewe inashusha mpaka ishirini na nne. Wewe kazi yako ni kumwekea maji. Usiguse kitu kingine."

"Na akiomba blanketi?"

"We mtoto, sitanii. Huyu hana joto lake mwenyewe kama mimi na wewe. Asipopata joto la mchana, chakula kinamwozea tumboni. Usiku asipopoa, hapumziki. Umenielewa?"

"Wizara imepokea maelekezo," alijibu Mheshimiwa, akapiga saluti kwa kijiko cha chai.

Dada akacheka, akaenda zake kwenye kliniki ya meno, ambako alishinda akiwapokea watu wenye mashavu yaliyovimba. Chatu yule, Dada alimlea tangu akiwa mwembamba kama kalamu. Wenzake wakitoka kazini hukimbilia televisheni. Yeye alivuta kigoda mbele ya kile kioo na kumsimulia nyoka mambo ya siku nzima. Mheshimiwa, mdogo wake aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, aliona hilo ndilo jambo la kuchekesha kuliko yote duniani.

Ndani ya sanduku kulikuwa na waya mwembamba wenye ncha ya chuma. Waya huo ulipima joto na kupeleka kipimo chake kwenye simu ya Dada. Joto likizidi, simu ilipiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Aliyeufunga alikuwa Fundi, mtu wa umeme, mchumba wa Dada. Harusi ilikuwa bado, lakini Mheshimiwa alikwisha kumwita Shem.

Sasa, shuleni kwao kulikuwa na ufundi uliorithishwa kutoka kidato hadi kidato. Siku ya mtihani mgumu, unakwenda kwa matroni na kikombe cha chai umekificha ndani ya sweta. Akikupa kipimajoto na kugeuka, unakichovya. Unapata homa ya kutisha na kitanda cha mchana kutwa. Mheshimiwa alikuwa bingwa wa homa hizo. Alipoutazama ule waya, moyo wake ukacheka.

Akafungua kifuniko, akauvuta nje, akaichovya ncha yake kwenye kikombe cha chai ya moto, yenye sukari ya kutosha ukoo mzima.

Haikuchukua muda simu ya Mheshimiwa ikalia.

"Zima taa!" Dada alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake mgonjwa fulani akiugulia jino. "Zima haraka, Mpangaji anaungua!"

"Tulia, Dada. Wizara inashughulikia."

"Acha upuuzi wako! Umezima?"

Akatupa jicho kwenye sanduku. Taa ilikuwa imezimika yenyewe. "Imezimwa. Nimeokoa taifa."

Akakata simu, akajitupa kwenye kochi na kucheka mpaka mbavu zikauma. Kabla hajamaliza, wenzake wakampigia mluzi kutoka uwanjani, timu ilikuwa pungufu. Akachomoka. Simu akaiacha kwenye kochi, na waya akauacha kwenye kikombe.

Jambo ambalo hakulijua, na hakuuliza maana waziri haulizi, ni kwamba waya ule ule ndio ulioiamuru taa. Ukisema joto, taa inazima. Ukisema baridi, inawaka. Siku hiyo ilikuwa ya mvua na ubaridi, na chai haina subira. Ilipoa, ikapoa zaidi, na waya ukasema baridi. Taa ikawaka. Sanduku likapata moto, lakini waya ulikuwa nje, ndani ya chai iliyolala, ukiendelea kusema baridi, baridi, baridi.

Mheshimiwa aliporudi, kioo hakikushikika. Chatu alikuwa amejibana kwenye kona ya mbali kabisa na taa, kichwa amekiinua ukutani, mdomo wazi. Alimgusa. Alikuwa wa moto kama bakuli lililotoka jikoni, na hakujikunja. Simu pale kochini ilikuwa imejaa jina la Dada, aliyepiga mara nyingi bila kupokelewa.

Alimwaga chai. Akaosha kikombe vizuri, kuliko alivyowahi kuosha chombo chochote maishani. Akaurudisha waya mahali pake.

Dada hakulia alipoingia. Alimtoa Mpangaji, akamlaza mapajani, akampigia Fundi. Fundi alifika na kofia ya pikipiki bado kichwani, akaigeuza mashine huku na huku.

"Mbona inafanya kazi," alinong'ona.

"Inafanya kazi?" Dada akainua uso. "Huyu mapajani kwangu amekufa na nini, mafua? Nilikwambia tuite mtu anayezijua hizi, ukasema utaweza mwenyewe."

"Labda waya ulilegea..."

"Labda! Kazi zako zote ni labda. Na mimi ndiye niliyetaka kuishi ndani ya nyumba utakayoifunga umeme wewe?"

Fundi akamgeukia Mheshimiwa. "Shem, wewe ulikuwepo. Hukuona chochote?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Neno moja lingetosha.

"Niliona cheche," alisema Mheshimiwa. "Kwenye mashine."

Fundi akaitazama mikono yake. "Basi ni mimi," alisema. "Nisamehe." Akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akauweka juu ya kabati la viatu. Dada hakumzuia. Pikipiki ikanguruma, ikatoweka.

Dada alianza kutoa vitu sandukuni kimoja kimoja, kisha mkono ukasimama. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni kwenye kioo, wamepita mawe yote na kwenda moja kwa moja kwenye ncha ya waya. Aliishika. Ilinata. Akainusa.

"Hii chai ya nani?"

Mheshimiwa akakohoa. "Wizara inaunda kamati ya..." Akauacha uwaziri. "Ni yangu, Dada. Nilitaka simu yako ilie tu. Tucheke. Halafu nikasahau."

"Na cheche?"

"Sikuona cheche."

Hakumpiga. Afadhali angempiga. Alimpigia Fundi, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Basi akafungua ujumbe wa sauti, akabonyeza, akamsogezea mdogo wake simu mdomoni.

"Mwambie."

"Shem," alianza, akanyamaza, maana hakujua kama jina hilo bado alikuwa na ruhusa nalo. "Fundi. Ni mimi niliyemuua. Mashine yako haikuwa na kosa."