Pigo la Tatu

Bastola ilikuwa ndogo kiasi cha kufunikwa na kiganja. Ililala juu ya kipande cha kitenge, kati ya minyororo ya baiskeli na makopo ya grisi, na watu saba waliojibanza mlangoni mwa karakana ya Zacharie waliitazama kana kwamba ingeweza kuamka. Amisa ndiye aliyeileta. Asubuhi hiyo alikuwa amenunua cherehani kikuukuu cha mkono kwa Hervé, mchuuzi aletaye vyombo vilivyotumika kutoka Kabambare, na alipokiinua kutoka kwenye sanduku lake la mbao ili akipake mafuta, vidole vyake viligusa chuma ambacho hakikuwa cha kushonea.

"Wewe ndiye fundi," alimwambia Zacharie. "Polisi wataichukua, najua. Lakini mbele waichukue, uniambie iko ya nani."

Swali hilo lisingemsumbua fundi mwingine yeyote pale Kasongo. Zacharie lilimtoa jasho. Alisimama, akaketi, akashika spana ambayo hakuwa na kazi nayo, akaiweka, akaishika tena. Kwa miaka sitini mji mzima ulikuwa ukisema kwamba baba yake, Étienne Lwamba, aliyekuwa mlinzi wa ghala la pamba, ndiye aliyempiga risasi baba yake Amisa katika njia ya Kabambare, mwaka ule wa maasi. Assumani, mfanyabiashara wa chumvi, aliokotwa amelala upande huu wa njia na baiskeli yake upande ule. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba hiyo ndiyo Amisa.

Étienne alikana mpaka siku ya kufa kwake. Bastola alikuwa nayo, ndiyo, aliachiwa na bosi wake Mzungu. Lakini majuma mengi kabla Assumani hajauawa ilikwisha kuzama kule Nyangwe, mtumbwi ulipogonga gogo katikati ya mto Lualaba. Watu walimsikiliza, wakatikisa vichwa, wakasema lisemwalo lipo. Alipozikwa, Amisa alikuja matangani peke yake, akamwita Zacharie kando, akamtaka aape. Zacharie aliapa mbele ya kaburi bichi la baba yake kwamba silaha ile iko chini ya maji. Amisa akamwamini, na katika mji ule wote labda ni yeye tu aliyeamini. Kesho yake alimletea chai. Kibanda chake cha ushonaji kilikuwa ukuta kwa ukuta na karakana, na kwa miaka thelathini hakukosa kuileta ila akiugua. Hata Ramadhani, yeye mwenyewe akiwa amefunga, alimletea.

Mwalimu Clovis, msomaji wa barua za mtaa mzima, aliinama juu ya bastola na miwani yake ikateleza hadi ncha ya pua.

"Muzee, angalia muzuri hapa. E, L, G. Étienne Lwamba, garde. Mutu aliandika jina yake na kazi yake."

Mnong'ono ukapita mlangoni. "Garde", yaani mlinzi, ndivyo mji ulivyomwita Étienne hata baada ya ghala la pamba kubaki kuta tupu. Amisa alimtazama Zacharie tu, na macho yale yalimuuma kuliko usomi wote wa Clovis.

Zacharie akaichukua bastola. Chuma kilipotulia kiganjani, ufundi ukamtawala. Mtutu ulikuwa mfupi kama kidole gumba, na silinda ilikuwa na matundu matano, yote matupu. Nyundo haikuonekana, ilifichwa ndani. Kifyatulio hakikuwa na kikingio chochote. Kilikunjwa mbele kama kisu cha mfukoni. Bunduki nyingi za wawindaji zilikuwa zimepita mikononi mwake, lakini aina hii aliijua kwa kusimuliwa tu.

"Hii iko revolver ya watu wa kinga," alisema, akionyesha baiskeli iliyoegemea ukuta. "Zamani kule Ulaya, mutu akipanda kinga, imbwa zinamufukuza. Basi anaweka hii ndani ya mufuko. Ni ya kufukuza imbwa. Risasi zake hata Kinshasa hauwezi kupata."

Mtu akauliza kama mbwa wa Ulaya ni wakubwa hivyo. Clovis hakutaka mzaha.

"Na jina, Muzee?"

"Haiko jina, Mwalimu. Iko marque, alama tu."

Alikwenda pembeni akatoa bunduki ya kuwindia iliyovunjika kitako, mali ya Faradji wa Lusangi. Akaufuta mtutu kwa kitambaa, akamwita Clovis kwa kidole. Palikuwa na taji dogo, na chini ya taji umbo la yai, na ndani ya yai herufi zilezile tatu na nyota.

"Soma."

Clovis alisoma kimyakimya, midomo ikicheza.

"Bunduki zikitoka Ubelgiji, kule Liège, wanazipima na baruti. Ile haikupasuka wanaipiga marque. Ao Faradji naye alikuwa garde?"

Kicheko kikalipuka mlangoni, na Clovis, ambaye hakuwa mtu mbaya, akavua miwani akakiri kwamba kusoma nako kuna mipaka. Zacharie alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mzigo aliotwikwa angali mtoto ulikuwa ukimshuka mabegani, na alifurahi kwa namna iliyomtia haya. Amisa aliuachia ukingo wa kitambaa cha kichwa aliokuwa ameuma, akasema Alhamdulillahi, akaenda kuchemsha chai. Watu wakatawanyika kuipeleka habari sokoni.

Alipobaki peke yake, Zacharie alikikunja kifyatulio ili aifunge bastola katika kitenge. Kidole chake kikapita juu ya bawaba, kikarudi.

Ribiti ya bawaba, kile kipini kinachoishika, haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa spoki ya baiskeli, iliyokatwa na kubapazwa kwa nyundo: mapigo mawili katikati, la tatu kando. "Pigo la tatu peleka kando," baba yake, aliyetengeneza baiskeli baada ya zamu za ulinzi, alikuwa akimwambia, amemshika mkono, "ndipo haitatoka hata uibembeleze." Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Zacharie mwenyewe hakumfundisha mtu.

Basi haikuzama. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi; hii ilikuwa imechukua miaka sitini kutoka Kabambare hadi Kasongo. Zacharie alizunguka karakana mara mbili, akafungua dirisha, akalifunga. Labda baba aliiuza. Labda aliibiwa akaona haya kusema. Bastola kuwa yake si kusema ndiyo iliyoua. Lakini kwa nini mtu aizamishe kwa mdomo, na mwanawe aizamishe tena kwa kiapo?

Tupa ilining'inia ukutani. Kuisugua mara kumi tu, na bawaba ingekuwa laini, bila baba wala mwana. Aliishusha. Akaibana bastola kwenye jiliwa. Ng'ambo ya ukuta Amisa alikuwa akikijaribu cherehani chake kipya huku akiimba chini kwa chini, na Zacharie hakukumbuka kama aliwahi kumsikia akiimba. Tupa iligusa chuma, ikakaa hapo.

Uimbaji ukakoma. Amisa aliingia na vikombe viwili, mkasi wake ukining'inia shingoni kwa uzi kama siku zote.

"Ulishafunga, kaka? Niipeleke kule bureau ya polisi."

Zacharie aliitazama tupa mkononi mwake, akaiweka chini.

"Leta mukasi yako, dada."

Amisa alidhani anataka kukatia kitambaa, akauvua. Zacharie akakishika kidole gumba cha Amisa, akakiweka juu ya ribiti ya mkasi, ile aliyompigia mwenyewe mwaka mmoja mkasi ulipolegea. Kisha akakihamishia kwenye bawaba ya bastola. Mshonaji huona kwa ncha za vidole. Kidole kikaenda, kikarudi kwenye mkasi, kikaenda tena.

"Uliapa," Amisa alisema.

"Niliapa vile baba aliniambia. Sikujua, dada."

"Na sasa?"

"Sasa najua iko yake. Ile ingine sijui."

Amisa alilifungua jiliwa mwenyewe. Aliikunja bastola katika kitenge polepole, ncha kwa ncha, jinsi anavyokunja nguo ya mteja, akatoka bila kugusa chai.

Mkasi ulibaki juu ya meza. Zacharie alifika mlangoni nao ili amwite, akaishia kizingitini. Akarudi, akaufungua, akaufumba. Ribiti ilishika imara kama siku aliyoipiga. Hakuambiwa kama umeachwa unolewe, au umerudishwa kwa sababu ya pigo lile la tatu.