Mashahidi Wawili wa Lifti

Mkanda wangu wa suruali ulikuwa ukining'inia sebuleni kwenye msumari wake peke yake, na kila mgeni aliyewahi kukalia kochi letu alikuwa amesikia habari zake. Siku lifti ya jengo la bima ilipokwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, na watu tisa ndani, mmoja wao mjamzito, mimi fundi wa lifti nilishuka juu ya paa la ile lifti, nikafunga mkanda kwenye waya, nikawavuta wote kwa mikono yangu. Ukinikuta nimeshiba, watu walifika kumi na mmoja. Marehemu mke wangu, nikifika kwenye habari ya mjamzito, alikuwa anainuka kwenda jikoni kutazama kitu ambacho hakikuwa kinaungua.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeiamini yote.

Nilipostaafu nilijifundisha kompyuta kule maktaba, kwa vidole viwili na ubishi. Kwa hiyo shule yao ilipowaagiza waandike insha za kuwekwa kwenye tovuti, kuhusu kazi za wazee wao, mwalimu alikuwa mimi. Nilimfundisha kutafuta kwa maneno machache aliyoyachagua, siyo kumwaga swali zima kama anayepiga soga. Nilimfundisha kutazama ukurasa umeandikwa na nani na lini, kabla ya kutazama unasema nini. Asome, afunge, aandike kwa maneno yake, kisha aweke kiungo ili msomaji akahakikishe mwenyewe. Na kubwa kuliko yote: jambo moja, mashahidi wawili wasiojuana.

"Basi wewe ni wa kwanza, Babu," akasema. "Wa pili nani?"

Hapo ningekohoa nikaaga. Badala yake nilikaa nikamtazama akiandika maneno matatu, na ukurasa ukaja juu kabisa: historia za majengo ya mji, mwandishi anajiita Msomaji Makini. Jengo la bima, watu tisa, mkanda. Alifurahi mpaka akanipiga kofi la begani. Akanakili kiungo. Nami, Msomaji Makini, niliyeuandika ukurasa ule miaka mitatu nyuma kwenye kompyuta ileile ya dirishani pale maktaba, nikamsifu kwa kazi nzuri.

Insha ilikuwa iwekwe Ijumaa. Mwalimu wake alishampa nafasi ya kwanza, na picha ya mkanda alishaipiga. Jumatano alirudi jioni. Alikula, akaosha vyombo, akaja kukaa, siyo kwenye kiti chake kilicho karibu na changu, bali kile cha wageni.

Alisema alikuwa anaisoma insha kwa sauti, kama nilivyomfundisha, ili asikie panapokwaruza. Pakakwaruza mahali pamoja. Katika mahojiano aliyonifanyia, kabla ya kukwama, lifti ilipiga chafya. Kwa Msomaji Makini nako, lifti ilipiga chafya. Akatafuta intaneti nzima mtu mwingine ambaye lifti yake imewahi kupiga chafya. Hakumpata.

Ndipo akaenda jengo la bima. Mlinzi alimpandisha hadi chumba cha mashine, juu ya ghorofa ya mwisho, ambako madaftari ya lifti yamepangwa kwenye rafu ya chuma tangu lifti iwekwe. Kila fundi anayeigusa huandika tarehe, tatizo na alichofanya, kisha anatia sahihi. Tarehe ile lifti ilikwama kweli. Watu wanne. Walishushwa kwa kuzungusha gurudumu la mkono, dakika arobaini. Sahihi haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mrefu, fundi mwenzangu, tuliyemwita hivyo kwa sababu hakunifika begani, na aliyekufa bila kujisifu kwa mtu.

Nikajaribu utani. Nikamwambia Mrefu asingelifikia gurudumu lile bila kupanda kwenye ndoo. Hakucheka.

"Siyo uongo ulioniuma," akasema. "Ulikuwa umekaa pembeni yangu, ukaniona nanakili kile kiungo. Ukanisifu."

Nilikasirika, sifichi. Mtoto niliyemshika mkono akijifunza kusukuma kipanya, leo ananipekua nyuma ya mgongo kwa mbinu nilizompa mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini hakuja kwangu kwanza. Akasema alikuja mara mbili: mara moja kwa Babu, mara moja kwa Msomaji Makini.

Ijumaa nilifika maktaba kabla hawajamaliza kufagia. Insha ilikuwa tayari tovutini. Pichani hapakuwa na mkanda. Palikuwa na gurudumu jekundu, rangi imebanduka pale mikono inaposhika. Jina la Mrefu lilikuwa kwenye kichwa cha habari. Nikajitafuta aya kwa aya, nimejiandaa kutukanwa, na sikuwemo. Nilijikuta chini kabisa, kwenye orodha ya vyanzo. Babu yangu, mahojiano, nyumbani. Msomaji Makini, ukurasa wa tovuti. Mbele ya kila kimoja ameandika neno moja: Hakikutumika.

Bora angenitukana.

Niliufuta ukurasa wangu palepale. Jioni nikautoa mkanda msumarini, nikauvaa kama mikanda mingine, nikamwita, nikamwambia leo nampa ya kweli. Kwamba siku ile Mrefu aliniita kwenye redio ya mkononi nikampokee gurudumu, mikono imemwishia nguvu. Mimi nilikuwa chini nakunywa chai na karani mmoja wa bima, ambaye baadaye akawa mke wangu, bibi wa huyu mjukuu. Nikamsikia Mrefu vizuri. Nikaizima redio. Zile dakika arobaini zingekuwa ishirini.

Aliandika yote, polepole, bila kunitazama. Alipofika mwisho akainua kalamu.

"Nani mwingine anajua, Babu?"

Nikamwambia walikuwa wawili, Mrefu na mke wangu, na wote nimeshawazika.

Akangoja kidogo, labda nitaongeza mtu. Kisha akafunga daftari.