Kijitabu cha Padri Ézéchiel

Tangu wanajeshi waanze kulala madarasani, shule ya mtaa ilikufa, na sebule ya Edmond pale Butembo, mashariki mwa Kongo, ikawa shule. Wanafunzi walikuwa wanawe wawili: Josaphat wa miaka kumi na minne, na mdogo wake Séphora. Hesabu na Kifaransa havikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa Kilatini.

Bila Kilatini mvulana hakuingia seminari ndogo, shule ya wanaoandaliwa upadri, na seminari ndiyo iliyokuwa ukuta wa mwisho. Waasi wa msituni walibeba vijana kwa nguvu mashambani na njiani, ila waseminari hawakuwagusa. Waliogopa laana ya altare. Mtihani ulikuwa Agosti.

Padri Ézéchiel wa seminari alileta kijitabu cha Kilatini alichokichapa mwenyewe. "Hiki Josaphat anakimaliza mbele ya mtihani, Edmond. Mwaka huu hatuulize mengi. Tunataka batoto baingie ndani, basi."

Edmond alikishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Kabatini alikuwa na sarufi nene ya wamisionari, aliyoisoma seminarini ujanani mwake kwa miaka mitatu.

"Pardon, Padri, lakini hii hapana Kilatini. Hii ni karatasi ya kusokotea tumbaku!"

Josaphat akacheka kwa nguvu. Baba akikejeli, mtoto afanyeje?

Padri alipoondoka, Kavira, mke wa Edmond, alisema, "Baba Josaphat, nyumba inaanza na musingi, ni kweli. Lakini mutoto eko inje na mvua inanyesha. Anatafuta mulango tu."

"Weye unajua Kilatini?"

"Mi najua mvua."

Edmond alichagua sarufi. Kijitabu akakikunja, akakitia chini ya mguu mfupi wa meza, na meza ikatulia. Agosti ikafika Josaphat akiwa sura ya sita, akihangaika na vitenzi, na mtihani ukapita bila yeye.

"Mwaka kesho," Edmond alisema. "Ataingia kama simba. Mtoto wangu haingii kwa kunyata."

Oktoba, Josaphat alitumwa kijijini Masereka kuleta viazi. Gunia lilionekana njiani, limejaa. Mwenyewe hakuonekana.

Edmond aligonga kila mlango wa mkubwa aliyemjua. Waliompa kiti hawakumpa jibu. Mwishowe jirani yao Lukumani, mwenye lori la kwenda Beni, akamwita pembeni. "Nilimuona mutoto wako kwenye bariere, penye watu wa musituni wanafunga njia, hapa mbele ya Beni. Eko na bunduki."

Edmond aliingia ndani, akakichomoa kijitabu chini ya meza, akakikung'uta vumbi.

"Mupatie hiki, ndugu yangu. Mwambie atoroke. Mwambie Padri atamupokea hata leo, na hiki tu."

Lukumani aliporudi, alikuwa akiangalia magurudumu ya lori lake.

"Alikipokea?"

"Alipokea. Akachana ukurasa mbele yangu, akasokota tumbaku, akavuta."

"Hakusema neno?"

"Edmond, wacha."

"Sema!"

"Alicheka. Akasema, 'Muambie baba hakudanganya. Inawaka muzuri.'"

Edmond aliingia sebuleni. Séphora alikuwa ameifungua sarufi nene kwenye sura ya sita, akimngoja, ingawa seminari haikupokea wasichana. Edmond aliegemea meza, nayo, bila kijitabu, ikalala upande. Kavira aliitazama ile meza. "Mi nilijua mvua," alisema, akachukua jembe, akaenda shambani.