Régis na Gita Lililopakwa Mafuta

Kwenye kibanda changu cha chai hapa kambini Nakivale watu hawakosi, na Régis hakosi kuliko wote. Chai yangu anaijua kuliko gita lake. Gita lilining'inia kwenye msumari, yeye akining'inia kwenye kiti changu, amevaa miwani myeusi, akimcheka Chantal, mpigaji gita mwenzake wa kwaya.

Chantal kila jioni akitoka shambani alikaa na gita lake nyuma ya jiko langu, akirudilia kipande kimoja cha solo mpaka kuku wakahama. Kwaya yetu ilikuwa imealikwa kuimba mjini Mbarara, naye alitamani solo ile kuliko chakula.

"Da Chantal, ungali kwa fasi ileile? Wimbo utaota mizizi!"

"Kidole kimoja kinachelewa," Chantal alijibu bila kuinua kichwa.

"Kinachelewa! Miye mutumishi wa Mungu alishaniwekea mikono. Kipaji hakifanyiwi mazoezi, dada. Kinashuka."

Kinashuka, kama panya kutoka darini! Lakini Gervais, prezida wa kwaya, anampenda mtu anayeomba kwa sauti kubwa. Alimpa Régis solo, Chantal akaambiwa asindikize tu. Nasi kondoo tukapiga makofi.

Mbarara, kanisa lilijaa, simu zimeinuliwa. Zamu ya solo ikakaribia. Régis akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya upako, akapaka nyuzi zote, juu mpaka chini, kama anakaanga ndizi.

"Leo mutaona!"

Tuliona. Vidole viliteleza kama miguu kwenye matope ya barabara ya Ngarama. Gita likalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Yeye amefumba macho, na mama mmoja pale mbele, maskini, akasema "Amina!"

Sisi waimbaji tulishapotea. Ndipo Chantal akaingia na kipande chake, kila noti fasi yake, hakuna kidole kilichochelewa. Tukamfuata kama watoto waliomwona mama yao sokoni. Kanisa likasimama.

Kwenye gari la kurudi, Régis alifuta gita kwa tai.

"Hii Mbarara iko na mapepo mingi," alisema.

Gervais hakugeuka. "Solo ni ya Chantal. Na weye kesho uje mazoezini, akuonyeshe kushika nyuzi."

"Kesho nafunga, prezida. Nafunga na kuomba."

"Funga, ndugu yangu," nikamwambia. "Funga mpaka Noeli. Na chai yangu uifunge pia."