Shubiri Moja Juu ya Kibanja

Asubuhi ile Restuta alikuwa akitandaza nyasi kwenye migomba huko Ihembe, miguu yake ikiwa shubiri moja juu ya udongo. Ilikuwa hivyo tangu mumewe azikwe na ukoo umtangaze shemeji yake, Rwegoshora, kuwa mrithi wa kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Barabarani alikanyaga chini kama watu wote. Akivuka tu mpaka wa kibanja, ardhi ilimkataa. Wajane wengine wa kata walikuwa vivyo hivyo, na watu waliwatambua kwa miguu yao safi.

Kahawa yote ya pale aliipanda yeye, miaka ishirini na miwili mgongo ukipinda. Rwegoshora hakuwahi kung'oa hata gugu moja. Lakini sheria ya mila ilimjua Rwegoshora.

Tume ya kukusanya maoni kuhusu sheria ya mila ya urithi ilipofika Kayanga, Restuta alipanda bodaboda akaenda kuwaomba waje wajionee. Wakaja. Mwenyekiti, Bwana Gaudiosus, mtu wa Muleba mwenye adabu zake, alimpa shikamoo, akachuchumaa, akapima kwa rula kutoka nyayo hadi udongoni. Sentimita ishirini na moja. Katibu akaandika.

"Maoni yako yameingia, mama," alisema Mwenyekiti. "Ila mila haibadilishwi kwa pupa. Lazima wadau washirikishwe."

"Ya mama yangu nayo yaliingia," Restuta alijibu. "Yeye alikuwa juu vidole viwili tu."

Mwenyekiti akaagiza hilo nalo liandikwe. Wakala ndizi na maharage, wakashukuru, wakaondoka.

Zikafuata semina za hotelini kuhusu miguu ya wanawake ambao hawakualikwa. Wadau walioshirikishwa walikuwa wakuu wa koo, akina Rwegoshora hao hao, nao hawakuona tatizo. Kesi ya nyani kapewa ngedere, na posho juu. Baada ya miezi minane likaja lori la majembe ya mipini mirefu, moja kwa kila mjane, ili wafikie udongo bila kuhangaika. Sheria haikuguswa hata nukta.

Restuta alilima kwa jembe lake wiki mbili. Kisha Rwegoshora akaja na mnunuzi wa kibanja. Hakumtukana. Alimgusa begani kwa kidole kimoja, na kwa kuwa hakuwa amesimama juu ya kitu, Restuta akateleza taratibu katikati ya kahawa yake mpaka barabarani, nyayo zikatua vumbini.

Akaomba angalau apewe jembe. Rwegoshora akamjibu kwa upole kwamba jembe lilitolewa kwa ajili ya kibanja.